Kusoma Kabla ya Kuuliza: Hotuba kwa Wanafunzi wa Elimu Wanaoanza Mwaka wa Utafiti

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, wahadhiri wenzangu, na ninyi wanafunzi ambao kikao hiki kimeitishwa kwa ajili yenu, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga pendekezo la utafiti, yaani mpango wa swali na njia ya kulijibu, na mapitio ya maandishi, yaani uchambuzi wa yale ambayo wengine wamekwisha kuyaandika kuhusu mada, kwa ajili ya shahada ya heshima katika elimu. Kwa jina hilo sina maana ya shahada wanayotunukiwa watu mashuhuri kwa mchango wao katika jamii. Nina maana ya ule mwaka unaohitimisha shahada ya kwanza, au unaoifuata mara moja, ambao mwanafunzi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya shule, hapewi swali la kujibu bali hutakiwa alitafute mwenyewe, alitetee mbele ya watu wanaojua zaidi yake, kisha alijibu kwa ushahidi alioukusanya mwenyewe. Miaka yote iliyotangulia mlipimwa kwa majibu yenu. Mwaka huu mtapimwa kwanza kwa swali.

Ninalo jambo moja la kuwaambia, na yote yatakayofuata ni matawi yake: pendekezo la utafiti na mapitio ya maandishi si kazi mbili. Vitabu vya mwongozo huziweka katika sura tofauti, na fomu za vyuo huzitenga kwa vichwa vyake, kwa hiyo mwanafunzi hudhani kwamba ataandika pendekezo kwanza, likubaliwe, halafu ndipo akasome. Wengi niliowasimamia walinijia na swali lililokwisha kuandikwa na malengo matatu yaliyopangwa vizuri, kisha wakaenda maktaba kutafuta waandishi wa kulipamba. Huko ni sawa na kujenga nyumba kwanza na kutafuta kiwanja baadaye. Swali zuri la utafiti hutokana na kusoma. Na ikiwa swali lenu la mwezi wa tatu ni lile lile la wiki ya kwanza, bila hata neno moja kubadilika, nitaanza kuwa na wasiwasi kwamba hamkusoma, au mlisoma mkitafuta tu watu wa kukubaliana nanyi.

Niwape mfano mmoja na niukalie kwa muda, kwa sababu naamini mwendo wa swali moja kutoka mwanzo hadi mwisho hufundisha kuliko kanuni kumi.

Nilimsimamia mwanafunzi aliyekuwa ametoka katika mazoezi ya kufundisha. Mada aliyoniletea ilisomeka hivi: "Athari za mrejesho kwa ufaulu wa wanafunzi." Nilimuuliza ni kitu gani kilichomfanya aichague. Akasimulia kwamba alikuwa akikesha kusahihisha insha za darasa zima, akiandika maoni pembeni mwa kila aya, na siku ya kurudisha madaftari aliwaona wanafunzi wakitazama alama, wakiulizana nani kapata ngapi, kisha wakiyafunga madaftari. Maoni aliyoyaandika usiku kucha hayakusomwa. Nilimwambia: hilo ulilolisimulia sasa hivi ndilo tatizo lako la utafiti, hilo uliloliandika kwenye karatasi ni jina la kabati zima la vitabu.

Akaenda kusoma. Alianza na Paul Black na Dylan Wiliam, ambao mwaka 1998 walichapisha mapitio makubwa kuhusu tathmini inayofanyika wakati wa kujifunza, yaliyotegemea takriban machapisho 250. Hao wakampeleka kwa Ruth Butler, aliyechapisha mwaka 1988 utafiti ambao ndani yake wanafunzi waligawanywa katika makundi: waliopewa maoni peke yake, waliopewa alama peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliopewa maoni peke yake walidumisha hamu na kufanya vizuri zaidi. Waliopewa maoni pamoja na alama walielekea kufanana na wale wa alama tupu. Mwanafunzi wangu alikuja akiwa na furaha ya mtu aliyekuta majirani wanazungumzia jambo lile lile lililomsumbua peke yake usiku. Lakini furaha hiyo ilikuwa pia hatari, kwa sababu alitaka kuacha kusoma hapo hapo.

Nilimwomba aendelee, na hatua iliyofuata ilimtikisa. Avraham Kluger na Angelo DeNisi mwaka 1996 walikuwa wamekusanya matokeo ya tafiti nyingi za mrejesho na kuyachanganua kwa pamoja, jumla ya vipimo 607 vya athari kutoka katika uchunguzi wa zaidi ya mara 23,000. Walikuta kwamba kwa wastani mrejesho husaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo mrejesho ulishusha utendaji. Maelezo yao ni kwamba mengi hutegemea mrejesho unaielekeza wapi akili ya anayeupokea: kwenye kazi iliyo mbele yake au kwenye nafsi yake. Kwa hiyo sentensi ambayo mwanafunzi wangu alikuwa tayari ameiandika katika utangulizi, "Mrejesho huongeza ufaulu," haikuweza kusimama tena. Aliifuta. Naihesabu siku aliyoifuta kuwa ndiyo siku aliyoanza utafiti.

Akarudi nyuma hadi kwa Royce Sadler, ambaye mwaka 1989 alieleza kwamba ili mwanafunzi aboreshe kazi yake lazima awe na picha ya kiwango kinachotakiwa, aweze kuilinganisha kazi yake na kiwango hicho, na achukue hatua ya kuziba tofauti iliyopo. Akasonga mbele hadi kwa David Carless na David Boud, ambao mwaka 2018 waliandika kuhusu uwezo wa mwanafunzi mwenyewe wa kuuthamini mrejesho, kutoa hukumu kuhusu kazi, kuhimili hisia zinazoamshwa nao, na kuufanyia kazi. Alipofika hapo aligundua kwamba mazungumzo yamehama: kutoka swali la mwalimu anatoa nini hadi swali la mwanafunzi anafanya nini na alichopewa. Aligundua pia kwamba Carless na Boud walikuwa wakiandika kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu, ilhali yeye aliwafikiria vijana wa sekondari.

Swali lake la mwisho lilikuwa hili: wanafunzi wa darasa moja la sekondari wanafanya nini na maoni ya maandishi katika rasimu ya insha, wanapopewa maoni kwanza na alama baada ya rasimu ya pili? Hilo ni swali ambalo mtu mmoja anaweza kulijibu ndani ya mwaka. Angelinganisha rasimu ya kwanza na ya pili, afuatilie kila maoni aone kama yalifanyiwa kazi, yalipuuzwa, au yalieleweka visivyo, kisha azungumze na wanafunzi wanane kuhusu yale waliyoyafanya.

Tazameni yaliyotokea katika safari hiyo. Neno "athari" limetoweka, kwa sababu darasa moja lisilo na la kulinganishwa nalo haliwezi kuthibitisha kwamba jambo moja limesababisha jingine. Neno "ufaulu" limetoweka, kwa sababu alama za mtihani hubeba mambo mengi ambayo insha mbili haziwezi kuyaeleza. Kilichobaki ni kidogo, na udogo huo si unyonge. Tasnifu nyingi za ngazi hii hushindwa kwa sababu swali lake lingehitaji timu ya watu kumi na miaka mitano, si kwa sababu mwandishi wake hakuwa na akili.

Kusoma hukuokoa pia na maswali ambayo msingi wake umekwisha kuchunguzwa na kukutwa dhaifu. Kila mwaka napokea pendekezo linalotaka kubaini mitindo ya kujifunza ya wanafunzi, nani ni wa kuona na nani ni wa kusikia, ili walimu wafundishe kila mmoja kwa mtindo wake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia ushahidi wa dai hilo na hawakupata uthibitisho wa kutosha wa kuwafundisha watoto kwa kuwagawa namna hiyo. Anayetaka kuichunguza imani yenyewe, kwa mfano kwa nini walimu wanaishikilia, ana swali halali. Anayeichukulia kuwa ukweli uliokwisha kuthibitishwa ameanza kazi yake kwa hasara, na angeligundua hilo ndani ya wiki ya kwanza ya usomaji.

Sasa niseme kidogo kuhusu namna ya kutafuta maandishi. Kosa kubwa la utafutaji ni kuandika maneno ya mada yako katika kisanduku cha kutafutia na kusoma matokeo kumi ya kwanza. Jambo moja katika elimu lina majina mengi, na majina hayo hubadilika kwa zama na kwa nchi. Anayechunguza mrejesho asipotafuta pia "tathmini endelezi", "tathmini kwa ajili ya kujifunza", "maoni ya mwalimu" na "usahihishaji wa insha", katika lugha zote anazozisoma, atakosa nusu ya mazungumzo na hatajua kwamba ameyakosa. Hifadhidata ya machapisho ya elimu iitwayo ERIC, iliyoanzishwa Marekani katika miaka ya 1960 na ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bila malipo, ina orodha yake ya istilahi inayoonyesha neno gani linahusiana na lipi. Tumieni orodha hiyo kabla ya kubuni maneno yenu. Kisha ukipata makala moja iliyo bora, ifuate pande mbili: rudi nyuma kwa kusoma marejeo yake, na songa mbele kwa kutafuta waliokuja kuirejelea. Mwanafunzi niliyemtaja alipata kazi zake bora kwa njia hiyo, wala si kwa kisanduku cha kutafutia.

Wekeni daftari la utafutaji tangu siku ya kwanza. Andikeni tarehe, hifadhidata, maneno mliyoyatumia na jinsi mlivyoyaunganisha, idadi ya matokeo, na mlichokichagua pamoja na sababu. Wanaofanya mapitio ya kimfumo, yale yanayokusanya tafiti zote za swali moja kwa utaratibu uliopangwa mapema, wana mwongozo mkali unaojulikana kama PRISMA, uliotolewa mwaka 2009 na kuhuishwa mwaka 2020, unaowataka waonyeshe kila chapisho lilikotoka na kwa nini lilikubaliwa au kukataliwa. Ninyi hamlazimiki kuufuata wote, kwa kuwa mapitio yenu kwa kawaida ni ya kimaelezo, lakini tabia hiyo ya uwazi iazimeni. Mtahini akiuliza, "Kwa nini kazi hizi na si nyingine?", jibu "ndizo nilizozipata" halitoshi.

Mnaniuliza kila mara idadi ya marejeo inayotakiwa. Sitawapa namba. Nitawapa dalili: mtajua mmekaribia kutosha pale makala mpya mnayoifungua inapowarejelea watu mliokwisha kuwasoma, kwa hoja mnazozitambua, na mnaweza kutabiri mwandishi atasimama upande gani kabla hamjafika katikati. Kabla ya hapo, hata marejeo 80 ni machache.

Nataka kukaa zaidi juu ya jambo la kusoma chanzo chenyewe, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine. Fani yetu ya elimu imejaa madai yanayopokelewa kutoka mkono hadi mkono bila mtu kurudi kwenye ukurasa yalikoanzia. Nyote mmeona mchoro wa piramidi unaosema kwamba tunakumbuka asilimia 10 ya tunayoyasoma, asilimia 20 ya tunayoyasikia, na kuendelea hivyo mpaka asilimia 90 ya tunayoyatenda. Mara nyingi huandikwa chini yake jina la Edgar Dale. Dale alichapisha mchoro wake wa koni ya uzoefu mwaka 1946, na ndani yake hamna asilimia hata moja. Asilimia zile zilibandikwa na watu wengine baadaye. Yeye aliuchora ili kupanga aina za uzoefu kutoka zile za kushika na kutenda hadi zile za alama na maneno, na aliwatahadharisha wasomaji wasiuchukulie kama sheria. Hali kadhalika, makala ya Abraham Maslow ya mwaka 1943 kuhusu mahitaji ya binadamu haina piramidi, ingawa piramidi ya mahitaji yenye jina lake imo katika karibu kila tasnifu inayogusa motisha.

La tatu linanihusu mimi mwenyewe. Katika kazi yangu ya kwanza ya utafiti niliandika kwamba mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky alianzisha dhana ya mwalimu kumwegemeza mwanafunzi kwa msaada wa muda unaopunguzwa kidogo kidogo kadiri anavyokomaa. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo katika vitabu vitatu, na vyote vilikuwa na uhakika. Mtahini wangu aliandika pembeni maneno mawili tu: "Ukurasa upi?" Niliutafuta kwa siku kadhaa na sikuupata, kwa sababu haupo. Vygotsky alifariki mwaka 1934; sitiari hiyo ya kuegemeza ilitoka katika makala ya David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross ya mwaka 1976, na ni wasomi waliofuata walioiunganisha na wazo la Vygotsky kuhusu eneo la ukuaji wa karibu, yaani yale ambayo mtoto bado hayawezi peke yake lakini huyaweza akisaidiwa. Uhusiano upo, na una maana, lakini si ule nilioudai. Niliona uchungu si kwa sababu ya alama niliyopoteza, bali kwa sababu nilikuwa nimemwekea marehemu maneno kinywani mwake, na asiyeweza kujitetea anastahili uangalifu zaidi.

Kwa hiyo naomba: mkimnukuu mtu, muwe mmemsoma. Ikiwa chanzo cha kwanza hakipatikani kabisa, semeni wazi kwamba mmemsoma kupitia kwa mwingine, na mtajeni huyo mwingine. Onyo hili lina uzito zaidi leo, ambapo programu za akili mnemba zinaweza kuwaandikia orodha ya marejeo kwa sekunde chache, na baadhi ya marejeo hayo yakawa ya makala zisizowahi kuandikwa, zenye majina ya waandishi wa kweli na majarida ya kweli. Zitumieni, kama chuo kinaruhusu, kupata maneno ya kutafutia au kuelewa istilahi ngumu. Lakini kila rejeo linaloingia katika kazi yenu liwe ni la chapisho mlilolifungua, mkalisoma, mkaweza kuutaja ukurasa.

Baada ya kusoma huja kuandika mapitio, na hapa tasnifu nyingi huanguka katika shimo moja. Aya ya kwanza: fulani, mwaka fulani, alichunguza jambo fulani na akagundua hili. Aya ya pili: fulani mwingine naye akagundua lile. Aya ya tatu vivyo hivyo, mpaka kurasa 20 ziishe. Hayo si mapitio, ni orodha ya mahudhurio. Tatizo hilo si la wanafunzi wa shahada ya kwanza peke yao: David Boote na Penny Beile walipochunguza tasnifu 12 za uzamivu za elimu nchini Marekani, katika makala yao ya mwaka 2005, walikuta mapitio mengi dhaifu hata katika ngazi hiyo ya juu, na wakasisitiza kwamba mtu hawezi kufanya utafiti mzito bila kwanza kuyaelewa kwa kina maandishi ya uwanja wake.

Tiba yake huanzia kwenye kusoma, si kwenye kuandika. Tengenezeni jedwali ambalo kila mstari ni kazi moja, na safu zake ni: swali lililoulizwa, walioshiriki na mazingira yao, njia iliyotumika, matokeo, mipaka, na safu ya mwisho ambayo wengi huiacha tupu, yaani kazi hii inazungumza na ipi nyingine na inasemaje nayo. Jedwali likijaa, msilisome kwa mistari. Lisomeni kwa safu. Mkishuka na safu ya washiriki, pengine mtaona kwamba karibu wote ni wa vyuo vikuu. Mkishuka na safu ya njia, pengine mtaona kwamba wanaosema mrejesho unasaidia walipima mara moja, baada ya saa chache, na wenye mashaka walisubiri. Mambo kama hayo ndiyo vichwa vya sehemu za mapitio yenu.

Tofauti huonekana katika sentensi yenyewe. Mwenye orodha ataandika: "Butler alichunguza maoni na alama. Kluger na DeNisi nao walichunguza mrejesho." Mwenye mapitio ataandika: "Matokeo ya Butler kwamba alama hudhoofisha nguvu ya maoni yanaweza kueleweka vyema kwa kutumia maelezo ya Kluger na DeNisi, kwa kuwa alama humrudisha mwanafunzi kwenye hadhi yake badala ya insha yake, lakini maelezo hayo hayatuambii ni nini hutokea maoni yanapotangulia na alama ikachelewa." Sentensi ya pili imefanya mambo matatu kwa pamoja: imeunganisha, imeeleza, na imefungua mlango wa swali la mwandishi. Mapitio yakiandikwa namna hiyo, swali la utafiti halihitaji kutangazwa kwa tarumbeta, kwa maana msomaji atakuwa amekwisha kulikaribia mwenyewe.

Na hili linanipeleka kwenye neno "pengo". Mmefundishwa kwamba lazima muonyeshe pengo la maarifa, nanyi mmelielewa kuwa ni mahali ambapo hapajafanyiwa utafiti. Kusema "hakuna aliyechunguza jambo hili katika shule hii" si pengo, kwa sababu kuna shule nyingi mno duniani na hakuna anayesubiri utafiti wa kila moja. Lazima mseme ni kwa nini mahali hapo pangeweza kuleta jibu tofauti: labda madarasa ni makubwa kuliko yale ya tafiti zilizopita, labda lugha ya kufundishia si lugha ya nyumbani, labda mtihani una uzito ambao haukuwepo kule. Pengo linaweza pia kuwa ni mgongano kati ya matokeo mawili, au dai ambalo wote wanalirudia na wachache wamelipima. Wala msidharau kurudia utafiti wa mwingine kwa makini. Matthew Makel na Jonathan Plucker mwaka 2014 waliangalia majarida 100 yanayoongoza katika elimu na wakakuta kwamba tafiti za kurudia hazikufika hata asilimia moja. Zilikuwa asilimia 0.13 ya makala. Mwanafunzi anayerudia kwa uaminifu utafiti mdogo uliofanywa vizuri, akaeleza alichokibadilisha na kwa nini, anaipa fani hii kitu inachokihitaji kwa kweli.

Sehemu nyingine za pendekezo nitazipitia kwa haraka, kwa sababu mkishakuwa na swali lililozaliwa na usomaji, nyingi hujipanga. Nadharia iwe ni ile mtakayoitumia kusoma data, si ile ya kujaza kichwa cha habari. Kama sura ya uchanganuzi inaweza kuandikwa bila kuitaja, iondoeni. Njia ifuate swali: anayeuliza "kwa kiasi gani" ahesabu, anayeuliza "kwa namna gani" asikilize na atazame, na anayetaka vyote viwili ajiulize kwanza kama mwaka unatosha. Jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 ni chombo kizuri kwa anayechagua watu kwa nasibu kutoka idadi inayojulikana. Halina kazi katika mahojiano ya watu wanane, na kulinukuu huko huonyesha kwamba mwandishi ameliiga kutoka tasnifu ya mtangulizi wake. Wanaochanganua mahojiano kwa mada, kwa njia ambayo Virginia Braun na Victoria Clarke waliieleza mwaka 2006, wasiandike kwamba mada "zilijitokeza". Mada hujengwa na anayesoma, kwa hiyo elezeni mlizijengaje.

Ratiba ipangwe kutoka mwisho kuja mwanzo. Wekeni tarehe ya kuwasilisha, rudini nyuma mkiacha mwezi wa kuandika upya, mwezi wa kuchanganua, kisha angalieni kalenda ya shule mnayokwenda: lini wana mitihani, lini wana likizo. Wengi hugundua hapo kwamba dirisha la kukusanya data ni la wiki tatu tu, na kwamba kibali cha kamati ya maadili lazima kiwe mkononi kabla ya dirisha hilo kufunguka. Hakuna data inayokusanywa kabla ya kibali, hata hojaji ya majaribio.

Namalizia na maadili kwa sababu katika elimu tunachunguza watoto, na mara nyingi ni watoto waliozoea kututii. Barua ya ridhaa ya mzazi ni lazima, lakini haitoshi. Mtoto naye aulizwe, kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liheshimiwe hata kama mzazi amekwisha kutia saini. Ikiwa mtafiti ndiye mwalimu wa darasa, au anafahamika kuwa rafiki wa mwalimu, "ndiyo" ya mtoto inaweza kuwa ni woga wa kupunguziwa alama. Kwa hiyo fikirini nani mwingine anaweza kuomba ridhaa badala yenu, na mtafanyaje ili msijue nani amekataa mpaka alama za muhula ziwe zimetolewa.

Nimekaa katika kamati inayopitia mapendekezo haya, na swali ambalo huwa nalitafuta kwanza, kabla sijasoma malengo wala nadharia, ni dogo: siku ya kukusanya data, mtoto aliyekataa kushiriki ataketi wapi, atakuwa anafanya nini, na wenzake watamtazama vipi? Katika mapendekezo mengi jibu halipo. Liandikeni katika yenu, kwa sentensi mbili au tatu, mkitaja chumba, kazi atakayopewa na mtu atakayekuwa naye, na mniletee pamoja na rasimu ya kwanza ya swali lenu tutakapokutana mmoja mmoja.

Ahsanteni. Nafasi ya maswali sasa ni yenu.